Pongezi kwa Mafundi wa Picha

Katika majumba yote ya sinema niliyowahi kuingia Dar es Salaam, nililolipenda kupita yote halikuwa na paa. Drive-In ya Msasani ilifunguliwa mwaka 1966, na Jumapili jioni sisi tulikwenda kutazama picha ya Kihindi. Tulipanda pikapu na mkeka, chupa ya chai na kachori za mama. Spika tuliining'iniza dirishani, upepo wa bahari ukipita, na steringi akilia, watoto wa magari yote kimya. Leo pale pana Ubalozi wa Marekani, nami kila nikipita shingo hugeuka yenyewe.

Avalon na Empress nazo nilizipenda. Ila kulikuwa na ukumbi mmoja, siutaji: viti vimechanika, sauti kama ya mtu anayesemea mtungini, na mara mbili walizima picha kabla ya mwisho. Hilo sijalisamehe.

Pongezi zangu hasa ni kwa mafundi wa mashine. Rili moja ilikwenda kama dakika 20. Fundi alisubiri kidoa kidogo kwenye kona ya juu ya picha, kulia, ishara kuwa rili inakwisha, kisha akaingiza mashine ya pili, nasi hatukugundua kitu. Picha nzima aliitazama kupitia kidirisha cha ukutani, ndani ya chumba chenye joto la taa. Steringi tulimpigia makofi. Fundi hatukumjua hata kwa sura. Asanteni sana, wazee wangu.