Hesabu ya msuli: likizo ya Desemba ya mtahiniwa wa Mungaa

Ratiba aliyorudi nayo binti mmoja wa kidato cha sita kutoka bwenini ilikuwa ya kutisha: kuamka saa kumi alfajiri, kulala saa sita usiku, na fizikia, kemia na biolojia zimegawana saa zilizobaki sawa kwa sawa. Shamba halikuwemo kabisa. Na Desemba, huku Mungaa wilayani Ikungi, ni mwezi wa jembe. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Ikishanyesha, mtama, uwele na alizeti havisubiri mtu amalize kusolvu pepa. Wiki haikuisha, ratiba ikafa.

Mjomba wake, mwalimu wa sekondari, hakumgombeza. Alimwambia, “Mama, leta matokeo ya muhula tuyaone.” Biolojia C, kemia D, fizikia E. Kwa hesabu ya NECTA, baraza la mitihani, ambako A ni pointi 1 na F ni 7, hizo ni pointi 12, yaani Daraja la Pili. Daraja la Kwanza linaishia pointi 9. Kisha akamuuliza ni somo gani analisoma zaidi. Biolojia, akajibu, kwa sababu inaingia.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Biolojia ikipanda kutoka C hadi A, anafikisha pointi 10. Bado ni la Pili. Ila binti huyu amekulia jirani na hospitali ya misheni ya Makiungu na anataka udaktari, na vyuo vinaangalia hesabu nyingine. TCU, tume ya vyuo vikuu, huzipanga pointi kinyume: A ni 5, E ni 1. Udaktari unataka jumla isiyopungua 6, na kila somo kati ya yale matatu liwe na D au zaidi. Mwenye A ya biolojia, D ya kemia na E ya fizikia ana pointi 8, na bado hana sifa. Msuli wote alioupiga kwenye somo analolipenda usingemfikisha hata kwenye kuomba nafasi. Kwa hiyo fizikia ikapewa saa za asubuhi, akili ikiwa bado mbichi kabla ya kwenda shamba, na biolojia ikaachiwa jioni.

Jioni ya mtu aliyetoka kulima si ya kufungua kitabu na kupitisha macho. Walichokifanya ni hiki: daftari linafungwa, anaandika kwenye karatasi tupu yote anayoyakumbuka kuhusu mada ya juzi, halafu anafungua na kusahihisha kwa wino mwekundu. Nusu saa hivi, basi. Siku inayofuata, wakipalilia, mdogo wake wa darasa la saba anamuuliza maswali kutoka kwenye kile kilichoandikwa kwa wino huo. (Kijana hajui meiosisi ni nini, lakini anajua dada yake akibabaika.) Kwa nje inaonekana kama kusoma kidogo. Lakini mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha waliosoma upya na waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma upya waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima waliwapita. Ndiyo maana kukesha ukisoma upya kunadanganya: asubuhi yake unajiona umeiva, na mtihani wa taifa ni Mei.

Kukesha kwenyewe tunakufahamu. Beseni la maji baridi chini ya meza, miguu ndani, kahawa isiyo na sukari, na mtu anayejivunia kesho yake kwamba hakulala. Anachokipoteza ni kazi ambayo ubongo huifanya usingizini, ya kuyaimarisha yaliyosomwa mchana. Kijana wa miaka 18 anahitaji saa saba hadi tisa. Kwa likizo hii alilala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja, jumla saba, na maumivu ya kichwa aliyokuwa ameyazoea bwenini yakapungua. Mimi sitasema usingizi ndio uliomponya. Huenda ni maji ya kunywa shambani, huenda ni kukaa na watu wake. Ila shule zinazopiga kengele saa kumi alfajiri na kuita hiyo nidhamu zingefaa zieleze zinapata nini.

Kitu kingine mjomba alikipakua kwenye simu: taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinakwenda swali kwa swali, zikionyesha mfano wa jibu zuri na wa jibu bovu, na watahiniwa walipopotelea. Kwenye fizikia alikuta makosa yake mwenyewe yamechapishwa, yakiwa na mwandiko wa mtu mwingine: kubadili vizio vibaya, na kuanza kukokotoa kabla ya kuchora mchoro wa nguvu. Akaacha kuanza kila mada upya na kushughulika na hayo.

Pepa ya vitendo ndiyo haikupata nafasi. Huwezi kupima ukinzani wa waya ukiwa na jembe, na vifaa viko shule. Hiyo imewekewa Jumamosi za maabara kuanzia Januari, na mock ndiyo itakayoonyesha kama Jumamosi hizo zinatosha.