Zipu Mgongoni mwa Zimwi

Filamu ya kwanza ya zimwi niliyoitazama maishani sikuitazama katika jumba la sinema. Niliitazama kwetu Buganguzi mwaka 1994, nikiwa darasa la sita, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya kahawa. Umeme haukuwapo. Palikuwa na jenereta iliyofungwa nje chini ya mgomba, deki moja, televisheni ndogo, na harufu ya buni iliyogoma kutoka ukutani. Kiingilio kilikuwa shilingi 50, na asiyekuwa nazo alimchotea mwenye kibanda ndoo ya maji. Mkanda haukuwa na jalada, kwa hiyo mpaka leo silijui jina la filamu ile. Nakumbuka tu kwamba zimwi lenyewe lilikuwa mtu aliyevaa vazi la mpira lenye balbu mbili nyekundu mahali pa macho, na kwamba alipogeuka kuondoka, zipu ilionekana mgongoni, tangu kisogoni hadi kiunoni.

Leo ninaelewa kwamba waliotengeneza filamu ile walitaka tuione zipu. Ilikuwa filamu ya mzaha, ya kuwakejeli wale wanaotengeneza filamu za mazimwi kwa dhati. Lakini kejeli inamhitaji mtu anayekijua kile kinachokejeliwa, na sisi tulikuwa tumeona mikanda ya kareti na ya makomandoo tu.

Tena palikuwa na mfasiri. Alikuwa kijana aliyewahi kufanya vibarua Masaka, na huko Uganda alikuwa amewaona watu wanaosimama kando ya televisheni wakiisimulia filamu kwa lugha ya watazamaji. Kiingereza chake hakikutuzidi sana. Filamu iliponyamaza, yeye alijaza. Zimwi alilibatiza jina la Macho Mekundu, akatuambia hutoka ziwani usiku kutafuta watoto. Zipu ilipoonekana alisema, bila kusita, kwamba huo ni mshono wa jeraha la mkuki. Tukaamini. Hapo ndipo sauti moja kutoka nyuma, ya mtoto kama mimi, ilipotaja jina la bibi mmoja jirani yetu. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Yule bibi alikuwa mjane. Alikuwa amepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa zaidi ya miaka arobaini, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kabla ya siku ile sidhani kama kuna aliyeyatilia maanani. Baada yake, watoto tulimwita Macho Mekundu tulipopishana naye njiani kuelekea kisimani, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. Yeye alisimama akauliza, "Mnasemaje, wajukuu?" Tukakimbia. Wakubwa walitukemea, lakini si wote, na si kwa ukali uleule. Msomaji atakumbuka kwamba katika miaka hiyo, hasa upande wa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, ilhali yalikuwa ni kazi ya moshi. Kwetu hakuuawa mtu. Usiku mmoja migomba yake ilikatwa, ipatayo ishirini, na baada ya wiki chache alipanda lori la kahawa akaenda kuishi kwa binti yake. Sikumwona tena.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya filamu hizi za mazimwi ya bei rahisi, na karibu yote huishia penye swali moja: je, ni mbaya kiasi cha kuchekesha, au ni mbaya tu? Naliona swali hilo kuwa dogo. Swali langu ni nani aionaye zipu.

Mtazame Godzilla. Filamu ya kwanza, ya Ishiro Honda, ilitoka Japani mwaka 1954. Dubwana lile lilikuwa mtu ndani ya vazi zito, akikanyaga nyumba za kuchezea. Watu wa nchi nyingine wamelicheka kwa miaka mingi. Lakini Machi mwaka uleule, wavuvi wa Kijapani walikuwa wameangukiwa na majivu ya bomu la nyuklia lililojaribiwa na Wamarekani huko Bikini, na ilikuwa miaka tisa tu tangu Hiroshima na Nagasaki. Filamu inaanza kwa kuonyesha chombo cha baharini kikiangamia. Ukiwa umekutana na zimwi lenyewe, macho yako hayaendi kwenye vazi. Nadhani hilo ndilo lililotupata Buganguzi, ila sisi hatukuwa tumekutana na zimwi lolote. Tulikuwa tumesikia habari zake tu, na habari zikatutosha kumtafutia mtu wa kulivaa.

Kuna pia filamu zinazotengeneza zipu makusudi. Mwaka 2013 kampuni ya The Asylum ya Marekani ilitoa Sharknado, ambamo kimbunga huwabeba papa na kuwamwaga mjini. Ilipendwa mno, zikafuata nyingine tano hadi mwaka 2018. Nilitazama mbili nikachoka. Ubovu wake umepangwa kama kauli ya mchuuzi anayejidai mjinga ili umwonee huruma ununue. Sikatai, papa wa kwanza alinichekesha. Wa kumi hakunichekesha. Heri Attack of the Killer Tomatoes! ya mwaka 1978, iliyotengenezwa na marafiki wa San Diego kwa fedha kidogo, ambamo wauaji ni nyanya. Helikopta waliyoikodi ilianguka kweli wakati wa kupiga picha, na ajali hiyo wakaiacha ndani ya filamu. Hawa walikuwa na mzaha, na walikuwa na kitu cha kupoteza pia.

Lakini ninaowapenda zaidi wako karibu na kwetu. Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac aliyekuwa mfyatua matofali alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu. Dubwana halimo, ila ni ndugu wa damu wa filamu ninazozisema. Nakala asilia ilipotea kwa sababu kompyuta ilihitaji nafasi kwa kazi nyingine, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie. Niliposikia sauti hiyo mara ya kwanza nilitetemeka, maana ilikuwa ni mfasiri wetu wa stoo ya kahawa. Tofauti ni kwamba Emmie haifichi zipu. Yeye ndiye anayeionyesha kwa kidole, akiwatania waigizaji na nchi yake na filamu yenyewe, na bado anaisifu kama mtu anayemtangaza bwana harusi. Wazungu wengi walianza kuicheka kwa dharau. Baadhi waliishia kuipenda, na Mmarekani mmoja akahamia Wakaliga kabisa.

Filamu za mwenzetu Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilizotoka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikwenda njia nyingine. Ndani yake wafu na majini ni wa dhati. Nazikubali kwa ujasiri wake kuliko filamu nyingi za mapenzi zilizofuata. Ila nikizitazama huwa nageuza shingo kuangalia nani amekaa nyuma yangu, na anamfikiria nani.

Desemba iliyopita nilikuwa Buganguzi. Stoo imekuwa duka la simu. Niliwawekea watoto wa dada yangu ile filamu ya nyanya kwenye kompyuta, bila msimulizi. Mdogo wao, ana miaka saba, alitazama kwa dakika chache nyanya zikimpiga mtu, kisha akauliza, "Mjomba, nani anazirusha?"

Nikamwambia kuna mtu amesimama pembeni, nje ya picha.

Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akainamisha kichwa upande, akijaribu kumwona.