Jinsi Amazon ilivyoihama Oracle

Oktoba 2019 Jeff Barr wa AWS, tawi la huduma za wingu la Amazon, alitangaza kwamba biashara ya rejareja ya Amazon imezima hifadhidata yake ya mwisho ya Oracle. Data iliyohamishwa ilifika petabaiti 75, na ilikuwa imekaa kwenye hifadhidata karibu 7,500. Timu zaidi ya 100 zilishiriki: za Prime Video, Kindle, Alexa, oda, malipo, maghala. Data hiyo ilipelekwa kwenye huduma za wingu za kampuni yenyewe, yaani DynamoDB, Aurora, RDS na Redshift. Zilizobaki Oracle wakati huo zilikuwa programu chache za kampuni nyingine zilizofungamana nayo.

Wengi waliisoma habari hii kama ugomvi wa kampuni mbili tajiri. Kwangu mimi ina thamani kubwa zaidi kama somo la kazi, kwa sababu inaonyesha wazi ujuzi upi wa mtaalamu wa hifadhidata ulivuka salama na upi ulibaki nyuma.

Chanzo cha uhamisho huo kiko nyuma kabisa. Msimu wa sikukuu za mwisho wa 2004, mifumo ya Amazon ililemewa na wateja. Wahandisi wakaanza kuchunguza programu zao zinaiuliza nini hasa hifadhidata. Werner Vogels, mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo, alieleza baadaye walichokikuta: kama asilimia 70 ya shughuli zilikuwa za kuleta safu moja tu kwa kutumia ufunguo wake. Nyingine kama asilimia 20 zilirudisha safu kadhaa, lakini zote kutoka jedwali moja. Kuunganisha majedwali, kazi ambayo Oracle ilisifiwa kwayo miaka yote, kulihitajika mara chache. Kutokana na uchunguzi huo ikazaliwa Dynamo, iliyoelezwa kwenye makala ya kitaalamu ya 2007, na mwaka 2012 DynamoDB ikafunguliwa kwa umma.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka kwa mtu aliyezoea SQL. Kwenye Oracle tulifundishwa kuanza na majedwali: panga data vizuri, ondoa marudio, maswali yatajibiwa baadaye. Kwenye DynamoDB unaanza na maswali, uyaandike yote, ndipo uchague ufunguo. Chukua oda za wateja. Ukifanya namba ya mteja kuwa ufunguo wa kugawia data, na tarehe kuwa ufunguo wa kupangia, swali la "oda za mteja huyu za mwezi huu" linajibiwa papo hapo hata kama jedwali lina mabilioni ya oda. Lakini uliza "nani wote wamenunua sufuria hii" na utalazimika kupitia jedwali zima, au uwe umeandaa faharasa nyingine mapema. Na ukikosea ukaweka tarehe kuwa ufunguo wa kugawia, oda zote za siku ya mauzo makubwa zitaangukia kipande kimoja, na kipande kimoja kina kikomo cha maandishi 1,000 hivi kwa sekunde, kila moja la kilobaiti 1. Huduma nzima inaweza kuwa na nafasi tele huku wateja wako wakikataliwa.

Kuhamisha data kwenyewe kuna utaratibu unaojulikana, ambao AWS huuuza kama huduma tangu 2016. Unanakili data yote iliyopo wakati biashara inaendelea. Kisha unasoma daftari la mabadiliko la hifadhidata ya zamani na kuyarudia kwenye mpya, badiliko baada ya badiliko, mpaka zilingane. Unalinganisha, ndipo unahamisha programu. Kazi hii inachosha, lakini inapangika.

Kisichopangika ni tabia ya hifadhidata mpya. Mwaka 2018 CNBC, ikinukuu ripoti ya ndani ya Amazon, iliandika kuhusu hitilafu kwenye ghala kubwa la Ohio wakati wa Prime Day, msimu wake wa mauzo makubwa, baada ya ghala hilo kuhamia Aurora inayolingana na hifadhidata ya PostgreSQL. Kiini kilikuwa alama za kurejea: vituo unavyoviweka katikati ya muamala ili hatua moja ikishindwa urudi hapo bila kufuta kazi yote. Oracle na PostgreSQL zote zinazo, na amri ni ileile, SAVEPOINT. Ndani zinafanya kazi tofauti kabisa. PostgreSQL huipa kila alama inayofuatiwa na uandishi namba yake ya muamala mdogo, na kila muunganisho huweka namba 64 tu mahali pa kufikia haraka. Zikizidi, kila anayesoma analazimika kwenda kutafuta mbali zaidi, na msongamano unaanza. Kampuni ya GitLab nao walikumbana na balaa la miamala midogo kwenye PostgreSQL, na mwaka 2021 wakaeleza hadharani jinsi walivyoamua kuiondoa kwenye programu yao.

Msimamizi mwenye miaka 15 ya Oracle angeweza kuusoma msimbo wa ghala lile mstari kwa mstari asione kosa, kwa sababu kwake halikuwa kosa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kwamba kujiendeleza kwenye teknolojia ni kukusanya vyeti vya huduma mpya kila mwaka. Cheti kinakufundisha majina na vitufe. Kujua amri ileile inafanya nini ndani ya mashine nyingine kunatokana na kuijaribu mpaka ilemewe, na kusoma nyaraka zake hadi kurasa zisizopendeza.

Barr alisema gharama za hifadhidata zilishuka kwa zaidi ya asilimia 60, na kazi ya usimamizi ikapungua kwa asilimia 70. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kumshtua msimamizi wa benki ya Dar es Salaam au Nairobi. Kuweka viraka, kupanga diski, kuchukua nakala za usiku: hayo ndiyo yaliyomezwa na wingu. Kutambua programu inauliza nini, na kwa nini jibu linachelewa, kumebaki kwa binadamu.

Na kujifunza hilo hakudai bajeti ya mwajiri. PostgreSQL ni ya bure. DynamoDB ina toleo linalokaa kwenye kompyuta ya mkononi bila akaunti ya kulipia, ingawa halikuonyeshi vikomo vya vipande. Chukua jedwali moja la kazini kwako, bila data za wateja, orodhesha maswali yote ambayo programu yako huliuliza kwa siku nzima, na uhesabu mangapi yanaunganisha majedwali. Kisha fungua muamala PostgreSQL, weka alama za kurejea 60, kila moja ikifuatwa na uandishi, na upime wasomaji kutoka miunganisho mingine wanachukua muda gani. Weka 70, upime tena.