Kitabu cha Ndege cha Bei Nafuu: Uliza Kwanza Kimeshushwa kwa Nini

Kitabu cha ndege hakishushwi bei bure. Anayeagiza kwa posta hawezi kukishika wala kukipekua, kwa hiyo ajue sababu ya punguzo kabla ya kulipa.

Sababu njema kuliko zote ni toleo jipya kuingia sokoni. Mwongozo wa Terry Stevenson na John Fanshawe wa ndege wa Afrika Mashariki ulitoka 2002, na toleo la pili likafuata 2020. Ukiliona lile la kwanza kwa bei ya chini, lichukue. Kijana anayeanza kazi ya kuongoza watalii nitampa hilohilo bila kusita: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimo, maelezo na ramani vinatazamana na michoro, na chozi wa 2002 ndiye chozi wa leo. Yaliyobadilika zaidi ni majina ya kisayansi, mipaka kati ya spishi na baadhi ya ramani.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo ni mengine. Mwongozo wa J. G. Williams, wa 1963, na toleo lake la 1980 lililochorwa na Norman Arlott, ni vitabu ninavyoviheshimu. Wengi walijifunza ndege kwavyo. Lakini humo ndege wengi wameelezwa kwa maneno tu, bila mchoro. Mnana wa Kilombero, aliyepewa jina la kisayansi 1990, hayumo, wala kwale wa msitu wa Udzungwa, aliyejulikana kwa wanasayansi 1991. Hao wawili ndio kipimo changu: mwombe muuzaji awatafute kwenye faharasa. Ila usome pia jina la kitabu. Kile cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996, chenye maelezo ya kina ajabu, kinahusu Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kumkosa kwale wa Udzungwa humo si dosari.

Sababu ya kuogopa ni kasoro ya uchapaji. Toleo la pili la mwongozo wa David Sibley wa ndege wa Amerika Kaskazini lilipotoka 2014, rangi za chapa ya kwanza zilikuwa nzito mno na maandishi yamefifia. Mwaka huohuo ikatolewa chapa iliyorekebishwa. Katika riwaya wino ukizidi msomaji atakereka tu. Katika kitabu cha ndege atamwita ndege kwa jina lisilo lake. Namba ya ISBN haitakuokoa hapa, kwani hutambulisha toleo na aina ya jalada, si kila awamu ya uchapaji. Omba picha ya ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu, ambako chapa huandikwa.

Mstari wa kalamu kwenye ukingo wa kurasa usikutishe. Kwa kawaida ni alama ya mabaki ya ghala, na ndani kitabu ni kipya. Muhuri wa maktaba unataka tahadhari zaidi. Vitabu vya zamani vilikuwa na kurasa za michoro za karatasi tofauti, zilizopachikwa katikati ya maandishi, na ndizo zinazochomoka au kukatwa ziwekwe kwenye fremu. Omba pia picha ya mgongo kwa juu: vifungu vya kurasa vilivyokunjwa na kushonwa vitavumilia porini kuliko kurasa za gundi tupu. Wa Mombasa au Unguja akatae chenye madoa ya kahawia ya unyevu.

Nauli ya posta huhesabiwa kwa uzito. Majuzuu ya ensaiklopidia ya ndege wa dunia ya wachapishaji Lynx wa Barcelona ni mazito kiasi kwamba usafirishaji unaweza kulimeza punguzo lote, na pembe zake huvunjika kwa uzito wake yenyewe zisipokingwa kwa kadibodi ngumu.

Kifurushi kikifika, kifungue siku hiyohiyo, muda wa kurudisha ungalipo. Hesabu michoro mmoja mmoja ukiilinganisha na orodha ya mwanzoni. Ukikosekana hata mmoja, kirudishe.