Kumfunza Mkufunzi Kunyamaza

Mpe daktari bingwa wa watoto kikundi cha wanafunzi wanane, mwambie awasaidie kujifunza lakini asiwahutubie, uone atakavyohangaika. Wodini amezoea kuulizwa na kujibu papo hapo, kwa kuwa mgonjwa hangoji. Hapa anatakiwa akae na jibu kinywani saa nzima huku vijana wakilizunguka, wakilikaribia na kuliacha tena. Kuna watu wa Eldoret wanaoifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa, nami nadhani hatujawasifu inavyowastahili.

Kitivo cha Sayansi ya Afya cha Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mjini humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari wakaingia mwaka 1990. Mkuu wake wa kwanza, Profesa Haroun Mengech, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, taaluma ambayo kusikiliza ndiyo nusu ya matibabu. Kitivo kilichagua njia iliyokuwa imeanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukuzwa Maastricht, Uholanzi: somo linaanza na tatizo la mgonjwa, na wanafunzi wenyewe ndio wanaotafuta elimu ya kulieleza. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, maana karibu kila aliyepangiwa kufundisha alikuwa amesomeshwa kwa mihadhara. Mtaala unaweza kuandikwa upya kwa miezi michache, lakini mazoea ya mwalimu hayaondoki hivyo. Ndiyo sababu mafunzo ya wakufunzi ni mhimili wa njia hii, na yakilegezwa kinachobaki ni mihadhara ya zamani katika chumba kidogo zaidi.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye kisa. Chukua mtoto wa miaka minne wa Eldoret aliyerudi kutoka kwa nyanya yake Busia baada ya likizo ya Disemba. Wiki mbili baadaye ana homa, anatapika, amepauka, kisha anashikwa na degedege. Binamu yake wa umri uleule, aliyelala naye chumba kimoja kule Busia, anacheza uwanjani bila shida. Kisa hiki kifupi kimebeba mambo mengi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwinuko huo huchelewesha vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu, kwa hiyo mtoto wa hapa hukua bila kinga ambayo binamu yake wa Busia ameijenga kwa kuumwa tena na tena. Mwandishi mzuri wa visa hataji hata moja kati ya hayo. Anaitaja safari, anamtaja binamu, basi.

Sasa kikundi kinafuata hatua saba zilizopangwa Maastricht: kueleza maneno magumu, kutambua tatizo, kumwaga mawazo yote waliyo nayo, kuyapanga, kuamua cha kwenda kusoma, kusoma, kisha kurudi kuelezana. Kwenye hatua ya tatu mmoja anasema homa ya matumbo, wenzake wanamfuata, na dakika kumi zinapita wakijadili maji machafu. Mkufunzi mchanga atakohoa, atasema “lakini kumbukeni malaria,” na kisa kitakufa hapo hapo. Aliyekomaa hungoja mpaka mjadala upungue nguvu wenyewe, halafu huuliza: “Kuna nini kwenye kisa hiki ambacho hatujakitumia?” Hajawaambia wamekosea wala hajaonyesha njia. Wanarudi kwenye karatasi, na mara hii mtu anasoma kwa sauti neno Busia.

Swali kama hilo halimjii mtu hivi hivi. Hutokana na kukisoma kisa mara nyingi na kujua mapema ni wapi vijana watapotelea. Na likishaulizwa, sharti mwenyewe anyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakingoja tatu au zaidi, majibu huwa marefu, na hata wale ambao si kawaida yao kujibu hujibu. Sekunde tatu ni ndefu mno kwa mtu anayejua jibu. Zinahitaji mazoezi, tena ya kuhesabu moyoni.

Kuna ufundi mwingine mdogo ninaoupenda sana. Vijana wetu wametoka shule ambako neno la mwalimu ni la mwisho, na kila wanapozungumza macho yao humtafuta “Daktari” aone kama amekubali. Mkufunzi anayejua kazi huinamisha uso kwenye maandishi yake. Msemaji akikosa macho yake hutafuta ya wenzake, na mazungumzo yanakuwa yao. Heshima haijavunjwa, wala hakuna aliyekemewa.

Kunyamaza peke yake, hata hivyo, si ustadi. Mwaka 1995 Henk Schmidt na Jos Moust wa Maastricht walieleza kwamba mkufunzi anayefaa ana elimu ya somo, anawajali wanafunzi, na anaweza kusema kwa lugha wanayoifahamu. Kimoja hakitoshi bila vingine. Elimu ya somo ndiyo humwezesha kutofautisha makosa. Kosa ambalo kitabu kitalisahihisha jioni analiacha lipite. Kosa la kipimo cha dawa, ambalo kesho litaingia wodini, analisimamisha pale pale na kumtaka aliyelisema aeleze hesabu yake imetoka wapi.

Kama ningepewa kuyapanga mafunzo haya, nisingeanza na mada ya nadharia. Ningewaketisha madaktari wapasuaji na wafamasia kama wanafunzi, niwape tatizo lisilo lao: mkulima wa Uasin Gishu amehifadhi mahindi ghalani, miezi mitatu baadaye yameota kuvu na mnunuzi ameyakataa kwa sababu ya sumu. Wahangaike nalo kwa hatua zote saba, wakione tena kile kitu walichokisahau tangu wakiwa na miaka ishirini, yaani kutojua mbele ya watu. Mtu aliyetoka kuionja hali hiyo huwa na subira ambayo kitini hakiwezi kumpa.

Kisha waingie kwenye vikundi vya kweli, kila mmoja akiwa na mwenzake kwenye kona ya chumba. Mwenzake hasemi neno. Anachora duara lenye majina ya wote, na kila mtu anapozungumza anavuta mstari kutoka kwake hadi kwa anayemwambia. Baada ya saa moja karatasi inaonyesha kila kitu. Mistari yote ikikimbilia kwa mkufunzi, huo ulikuwa mhadhara. Ikikatana katikati ya duara, wanafunzi wamezungumza wao kwa wao. Binti wa pembeni asiye na mstari hata mmoja anaonekana pia, naye ni wa kufikiriwa kabla ya kikao kijacho, labda kwa kupewa kalamu ya ubaoni.

Mchoro huo mmoja hautoshi. Mazoea ya kuhutubu hurudi hasa mitihani ikikaribia, vijana wanapoomba waambiwe tu. Kwa hiyo mkufunzi achorewe mchoro tena katikati ya muhula, na mara ya tatu wiki moja kabla ya mtihani, kisha yeye na mwenzake wakae na karatasi zote tatu mezani, wazungumze kabla ya kupanga vikundi vya mwaka unaofuata.