Aliyebisha Hodi Akajiitikia Karibu

Mwaka 2012 mwezi Februari, Jonathan Mayer, aliyekuwa akisoma shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alitangaza alichokigundua ndani ya Safari, kivinjari cha simu za iPhone. Kampuni nne za matangazo, Google ikiwamo, zilikuwa zikipandikiza vidakuzi katika kivinjari ambacho kimewekwa makusudi kuvikataa. Hakuna nywila iliyoibwa wala kirusi kilichotumwa. Ilitumika fomu tupu.

Kidakuzi chenyewe hakina ubaya. Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994 kwa sababu wavuti haina kumbukumbu: kila ukifungua ukurasa, seva inakuona mgeni. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakiachia kivinjari chako, nacho huyarudisha kila unapoitembelea tena. Ndiyo maana kikapu cha ununuzi hakimwagiki ukihama ukurasa.

Ila ukurasa mmoja huletwa na seva nyingi. Unafungua gazeti, habari inatoka kwa gazeti, tangazo linatoka kwa kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo inaacha kidakuzi chake. Kesho ukifungua tovuti ya mapishi yenye matangazo ya kampuni ileile, inakisoma na kukutambua. Hivyo ndivyo mtu ambaye hukumwalika anavyojua nyumba zote ulizopita.

Safari ilikuwa ikivizuia vidakuzi hivyo vya washirika wengine bila mtumiaji kugusa mpangilio wowote. Lakini iliacha mianya miwili, yote kwa nia njema. Kwanza, mtumiaji akituma fomu kwa huyo mshirika, Safari ilihesabu kwamba ameamua mwenyewe kushughulika naye, ikaruhusu kidakuzi. Kwa desturi zetu tungesema mgeni amebisha hodi na mwenye nyumba ameitikia karibu. Pili, mwenye kidakuzi kimoja ndani tayari aliruhusiwa kuongeza vingine.

Google ilitaka kuonyesha kitufe chake cha “+1”, cha kuonyesha kwamba umependa kitu, kwenye matangazo ya mtandao wake wa DoubleClick, kwa watu walioingia katika akaunti zao. Tangazo lilibeba fremu isiyoonekana. Seva iliangalia kwanza kivinjari ni kipi. Kikiwa Safari, iliweka ndani ya fremu hiyo fomu isiyo na kitu, pamoja na msimbo wa kuituma papo hapo. Mtumiaji hakuona fomu wala hakubonyeza kitu. Safari ikaona fomu imetumwa, ikadhani ni mkono wa mwenye simu. Aliyebisha hodi ndiye aliyejiitikia karibu.

Kidakuzi kilichoingia hivyo kilikuwa cha muda mfupi. Lakini kilipokwisha kukaa, mwanya wa pili ulifunguka, na kidakuzi cha kawaida cha kufuatilia kikapita. Google ilisema hilo la pili halikukusudiwa, ikaanza kuviondoa vidakuzi hivyo.

Agosti mwaka huohuo ilikubali kulipa dola milioni 22.5 katika shauri la Tume ya Biashara ya Marekani, bila kukiri kosa. Tazama msingi wa shauri: tume haikuiadhibu hila yenyewe. Iliadhibu ahadi. Google ilikuwa imewaambia watumiaji wa Safari kwamba mpangilio wa kawaida wa kivinjari unatosha kuwakinga, ilhali mwaka 2011 ilikuwa imekubaliana na tume hiyo kutopotosha watu kuhusu faragha. Mwaka 2013 ikalipa dola milioni 17 nyingine kwa majimbo 37 na jiji la Washington.

Funzo la kiufundi ni kwamba kivinjari kilikisia ridhaa badala ya kuiuliza. Tangu Machi 2020 Safari inazuia vidakuzi vyote vya washirika wengine, na mshirika anayehitaji kuingia hulazimika kuomba ruhusa waziwazi. Firefox, tangu 2022, huipa kila tovuti mtungi wake wa vidakuzi, ili tovuti moja isichungulie wa nyingine. Chrome ya Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa vidakuzi vya washirika wengine ndani ya miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, na Aprili 2025 ikaamua kumwachia mtumiaji achague.

Kwa hiyo mwenye Chrome ndiye mwenye kazi. Fungua Mipangilio, ingia Faragha na usalama, kisha vidakuzi vya washirika wengine, na uchague kuvizuia. Huenda kitufe fulani cha kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine kikagoma. Tovuti hiyo unaweza kuiruhusu peke yake. Wala usidhani umejificha: anwani ya IP bado inaonekana, na alama za kifaa chako bado zinaweza kukutambulisha. Ila vidakuzi hivyo havitaingia tena kwa karibu ambayo hukuitamka.