Kutoka Gatini hadi Dukani kwa Louie: Filamu za Kuchekesha za Magenge ya Vijana wa Mitaani

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, kichekesho kimezoea kukalishwa mkekani wakati tanzia imekalia kiti. Mwalimu anapochagua kazi ya kuwapa wanafunzi wake, mara nyingi huchagua ile inayoliza, kwa kudhani kwamba machozi ni dalili ya uzito wa maudhui na kicheko ni dalili ya wepesi wake. Katika makala haya tunakusudia kuutazama mfululizo mmoja wa filamu za Marekani ulioanza kwa kuliza ukamalizika kwa kuchekesha, na ambao wahakiki wengi wamekwisha kuuhukumu kuwa ni habari ya kuporomoka tu. Sisi tunazipenda zile za kuchekesha, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kupenda si hoja, na swali lililo mbele yetu haliwezi kukwepwa: anayeangua kicheko mbele ya mtoto maskini, anacheka naye au anamcheka?

Chanzo cha filamu hizi ni mchezo wa kuigiza. Mnamo tarehe 28 Oktoba 1935, katika ukumbi wa Belasco mjini New York, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Sidney Kingsley uitwao Dead End, jina lenye maana ya njia isiyopenya. Marekani ilikuwa bado imo katika dhiki kubwa ya uchumi. Kingsley aliweka mchezo wake mahali pamoja tu, katika ncha ya mtaa unaoishia kwenye mto upande wa mashariki wa mji, ambapo majumba ya kupanga yaliyochakaa yamepakana na jumba la fahari la matajiri. Barabara iliyo mbele ya jumba hilo inatengenezwa, na kwa sababu hiyo wakazi wake hawana budi kutumia mlango wa nyuma, unaofunguka moja kwa moja machoni mwa watoto wa makabwela. Msanii asiye hodari angehitaji hotuba ndefu ili kueleza tofauti ya matabaka. Kingsley alihitaji ukarabati wa barabara tu.

Mpambaji wa jukwaa, Norman Bel Geddes, alilifanya shimo la wapiga muziki lililo mbele ya jukwaa kuwa mto, na watoto wakawa wanajirusha humo kutoka gatini, mbele ya watazamaji waliovaa nguo zao za jioni. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Leo Gorcey, kijana aliyekuwa akijifunza ufundi bomba na ambaye baba yake, Bernard Gorcey, mwigizaji wa siku nyingi, ndiye aliyemhimiza akajaribu bahati. Walikuwamo pia Huntz Hall, Billy Halop, Bobby Jordan, Gabriel Dell na Bernard Punsly. Majina haya yafaa kukumbukwa, maana baadhi yao hawakutoka tena katika genge hilo kwa muda wa miaka ishirini na zaidi.

Mwaka 1937 mchezo ukageuzwa filamu chini ya uongozi wa William Wyler, naye Lillian Hellman akaandika matini yake. Humphrey Bogart ni jambazi anayerudi mtaani alikozaliwa ili amwone mama yake, na mama huyo anampokea kwa kofi la uso. Watoto nao wanampiga na kumwibia mtoto wa tajiri, baba yake anapoingilia kati anajeruhiwa kwa kisu, na Tommy, kiongozi wa genge, anaishia mikononi mwa polisi. Mmoja wa watoto hujulikana kwa jina la T.B., kwa kuwa anaugua kifua kikuu, na yeye mwenyewe hujivunia jambo hilo kama kwamba ni cheo. Hapo watazamaji wa wakati ule walicheka kidogo, kisha pengine wakajutia kicheko chao. Sheria ya nyumba za watu wenye kipato cha chini ilipitishwa nchini humo mwaka huohuo wa 1937. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoileta, lakini vitu hivi viwili vilipumua hewa moja.

Kazi hiyo ni kubwa, na hatuna nia ya kuipunguzia sifa. Hata hivyo tuitazame nafasi ya watoto ndani yake na ndani ya zile zilizofuata. Kampuni ya Warner Bros. iliwachukua vijana hao, ikawatia katika filamu sita kati ya 1938 na 1939. Iliyo bora kuliko zote ni Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938, iliyoongozwa na Michael Curtiz, ambamo padri anamwomba rafiki yake wa utotoni, jambazi aliyehukumiwa kufa, aende kwenye kiti cha umeme akilia kama mwoga ili vijana wa mtaani waache kumwabudu. James Cagney aliigiza mwisho ule kwa namna ambayo mpaka leo watu hubishana kama jambazi yule alijisingizia woga au aliogopa kweli. Ila vijana wenyewe wana kazi gani humo? Wao ni wa kuokolewa. Watu wazima wanagombania roho zao. Padri huku, jambazi kule, hakimu na mkuu wa shule ya maadilisho katikati. Hawana mchana wao wenyewe. Kila wanachofanya ni ushahidi katika kesi ambayo wao si wadai.

Kichekesho kiliwapa mchana huo.

Kuanzia mwaka 1940 kampuni ndogo ya Monogram, chini ya mtayarishaji Sam Katzman, ilitoa filamu 22 zilizojulikana kwa jina la East Side Kids. Hizi zilikuwa filamu za bei rahisi, zenye urefu wa saa moja hivi, zilizotengenezwa haraka ili zijaze nafasi ya pili katika maonyesho ya filamu mbili kwa tikiti moja. Kuta zake zinatikisika mlango ukifungwa kwa nguvu. Wapelelezi, mabondia, mizimu na wahalifu wa kila aina hupita humo bila kupiga hodi, na katika mbili kati yake yumo hata Bela Lugosi, yule aliyekuwa Dracula wa 1931. Anayetafuta fani iliyosukwa vizuri atatoka mikono mitupu. Pamoja na hayo, humo ndimo tunamowaona vijana wakiwa na uongozi wao, ugomvi wao na sheria zao, na watu wazima wakiwa wageni wanaopita tu.

Mfano tunaoupenda kuliko yote ni Clancy Street Boys ya mwaka 1943, iliyoongozwa na William Beaudine. Muggs, kiongozi wa genge anayeigizwa na Gorcey, anapata habari kwamba Mzee Pete, tajiri wa Texas ambaye familia imezoea kumwita mjomba, anakuja kuwatembelea. Tatizo ni kwamba marehemu baba yake Muggs alikuwa akimsimulia mzee huyo kwa majivuno kuwa anao watoto saba, na ukweli ni kwamba mtoto ni Muggs peke yake. Genge zima linageuzwa ndugu. Huntz Hall, kwa jina la Glimpy, anavalishwa gauni na kufanywa dada, mrefu kama mlingoti, huku akijitahidi kutembea kwa madaha. Tumewaona wanafunzi wakicheka hapo hadi kushika mbavu, nasi tukacheka nao. Lakini tuangalie kinachochekwa. Familia halisi, yaani ile ya damu na ya majigambo ya marehemu, ni ya uongo. Genge, ambalo kwa macho ya polisi ni kundi la wahuni, ndilo linalofanya kazi ya undugu: linamfichia mwenzao aibu ya baba yake, na mgeni anapoingia hatarini ndilo linalokwenda kumwokoa. Filamu haihubiri neno lolote juu ya jambo hilo. Inamvalisha Glimpy gauni basi.

Katika familia hiyo ya kubuni hakuachwa nje hata Scruno, kijana mweusi pekee wa genge. Hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwa kuwa msomaji wetu hawezi kuzitazama filamu hizi kwa macho ya Mmarekani mweupe wa wakati ule. Scruno aliigizwa na Ernest Morrison, aliyezaliwa mwaka 1912, na ambaye tangu utotoni alijulikana kama Sunshine Sammy. Alikuwa mmoja wa watoto wa kwanza wa Our Gang, mfululizo wa filamu fupi za watoto ulioanzishwa na Hal Roach mwaka 1922. Hivyo maisha yake ya sanaa yanayaunganisha magenge mawili mashuhuri kuliko yote katika vichekesho vya nchi hiyo. Katika East Side Kids yeye hula na wenzake, hukimbia nao, hukamatwa nao. Kwa nchi ambayo majeshi yake yaliendelea kuwatenga askari weusi na weupe mpaka amri ya kuukomesha utengano huo ilipotolewa mwaka 1948, hilo halikuwa jambo dogo. Na papo hapo, kila genge linapoingia katika nyumba yenye giza, ni Scruno anayetumbua macho na kutetemeka, na mzaha unaiendea rangi yake kabla ya kuuendea woga wake. Hapo kicheko kimehama upande. Hakichekwi tena kitu ambacho genge linafanya. Anachekwa mmoja wao kwa jinsi alivyozaliwa. Mwalimu asiwarukishe wanafunzi sehemu hizo. Awaonyeshe, kisha awaulize kwa nini ukumbi umenyamaza.

Suala la lugha linatuvuta zaidi. Gorcey, kwanza kama Muggs na baadaye kama Slip Mahoney katika mfululizo wa Bowery Boys ulioanza mwaka 1946, alijipatia umaarufu kwa kuyavuruga maneno makubwa. Mizaha hiyo haitafsiriki, lakini namna yake yaweza kuelezwa kwa mfano wetu wenyewe: ni kama mtu anayesimama mbele ya wenzake, akaweka kofia yake ya pama vizuri, akatamka kwa sauti ya hakimu kwamba amekwisha kutakabari kwa kina juu ya jambo hilo, hali anataka kusema ametafakari. Wapo wanaosema kwamba mizaha ya namna hii huwadhihaki watu waliokosa shule. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tusingeipuuza kama Slip angekuwa mnyonge wa genge. Lakini yeye ndiye mkuu wao. Ameyasikia maneno hayo mahakamani, kwa mawakili, kwa wenye nyumba wanaodai kodi, na ameelewa kwamba ndiyo yanayotawala watu. Basi ameyachukua, kama mtu anayevaa koti la bwana mkubwa lisilomtosha. Genge halimsahihishi hata mara moja. Wanamwelewa. Na mara nyingi mtu anayeachwa akibabaika ni mwenye elimu aliyesimama mbele yake. Kwa bahati, kama yule tuliyemtolea mfano, Slip naye mara nyingi huwa ametakabari kweli.

Mfululizo wa Bowery Boys ulifikia filamu 48. Humo ndimo hasara yetu inapoanza kuonekana, wala mapenzi yetu hayatufanyi tuifumbie macho. Mtaa ulitoweka. Nafasi yake ikachukuliwa na duka la Louie Dumbrowski, kiduka cha vinywaji baridi na aiskrimu ambamo genge hukaa kutwa likila kwa mkopo usiolipwa. Louie, mtu mfupi mwenye hasira ya dakika moja, aliigizwa na Bernard Gorcey, baba mzazi wa Leo, na ugomvi wao wa deni la dukani una joto ambalo hakuna mwandishi aliyeliandika. Lakini njaa iliyokuwa gatini imegeuka kuwa deni la aiskrimu. Kifua kikuu hakitajwi. Polisi ni rafiki anayepaza sauti. Slip na mwenzake Sach, ambaye ni Huntz Hall mwenye chepeo iliyokunjwa ukingo, wanasafiri kwenda kwa masultani na mazimwi, na muda mwingi unatumika Slip akimpiga Sach kwa kofia. Baadaye waigizaji hawa walikuwa wanakaribia miaka arobaini, nao bado wanaitwa vijana. Kuna jambo la kuchekesha katika hilo, na kuna jambo la kuhuzunisha ambalo filamu zenyewe hazikuwa tayari kulitazama: mtaa usiopenya ulikuwa bado haupenyi, ila wakazi wake walikuwa wameuzoea.

Watu waliozipenda filamu hizi baadaye walizijua zaidi kwa televisheni, siku za mapumziko, bila mpangilio wa miaka. Ndiyo maana katika kumbukumbu zao gati na duka vimechanganyika kuwa mahali pamoja. Mwaka 1967 wanamuziki wa Beatles walitaka sura za Gorcey na Hall katika jalada la sahani yao ya Sgt. Pepper. Gorcey alidai alipwe dola 400, akafutwa. Hall amebaki pale hadi leo, amesimama kando ya nafasi tupu. Sisi tunamtetea Gorcey. Mtu aliyelelewa na filamu za deni la dukani alijua kwamba sura yake ni kazi.

Bernard Gorcey alifariki mwaka 1955 kutokana na ajali ya gari. Mwanawe alicheza filamu moja zaidi, Crashing Las Vegas ya mwaka 1956, kisha akaacha, na mahali pake pakachukuliwa na Stanley Clements. Hall aliendelea mpaka filamu ya mwisho, In the Money, ya mwaka 1958. Humo Sach ameajiriwa kumsindikiza mbwa wa kitajiri kwa meli hadi London, na chini ya manyoya ya mbwa huyo wahalifu wameficha almasi. Miaka ishirini na mitatu kabla ya hapo, Huntz Hall yuleyule alikuwa akijirusha kutoka gatini katika mto ulioigizwa kuwa mchafu.